Nimefika Uhuru mara mbili. Je, mwili wangu uko tayari kwa wiki tatu za Dolpo?

"Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Machame. Nimefika kilele cha Uhuru mara mbili, kwa njia ya Marangu, na mara zote mbili sikuugua zaidi ya kichwa kuuma usiku wa kuelekea kileleni. Mwezi Septemba nimealikwa na wenzangu watatu kwenda Nepal kutembea siku 24 katika mabonde ya Dolpo, tukilala kwenye mahema na kuzuru nyumba za watawa wa Kibudha. Ratiba inasema tutatua Juphal, siku ya tatu ya kutembea tulale Ringmo kando ya ziwa Phoksundo, na siku ya sita tuvuke mpito wa Kang La kwenda Shey, penye nyumba ya watawa. Wenzangu wanasema aliyezoea Kilimanjaro hahitaji dawa, kwamba Diamox, dawa ya kinga ya ugonjwa wa mwinuko, inaficha ugonjwa wenyewe, na kwamba lita tano za maji kwa siku na supu ya kitunguu saumu zinatosha. Kaka yangu ana selimundu. Mimi sijawahi kupimwa. Tena miaka ya nyuma nilipewa Fansidar ya malaria nikatokwa na vipele mwili mzima. Niende au niache?"

Marahaba, dada yangu. Sioni sababu ya kukukataza safari hii, lakini ratiba uliyoniandikia siwezi kuikubali, na kuna kipimo kimoja cha damu ambacho ningetaka ukifanye kabla hujalipa fedha nyingine. Nitaanza na jambo ambalo naona ndilo linalokupa moyo kuliko yote, yaani imani kwamba mwili uliofika Uhuru mara mbili umekwisha kuzoea mwinuko, kwa sababu imani hiyo ndiyo iliyowafanya wenzako waikubali ratiba hiyo bila kuuliza.

Hewa ya Dolpo ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha hewa ya Tanga, takriban asilimia 21. Kinachopungua ni kanieneo, yaani uzito wa hewa unaoisukuma oksijeni hiyo iingie katika damu. Ukifika mita 5,500 kanieneo imebaki karibu nusu ya ile ya pwani. Mwili hujibu kwanza kwa kupumua haraka na kwa kina, na hapo ndipo shida ya pili inapozaliwa: kila pumzi ya ziada inatoa nje hewa ya ukaa, damu inapoteza uchachu wake wa kawaida, na ubongo ukihisi hivyo unapunguza kasi ya kupumua wakati ambapo oksijeni bado inahitajika. Ndiyo maana usiku kambini unamsikia mwenzako anapumua kwa nguvu, kisha kimya, kimya kirefu cha kutisha, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama aliyeibuka majini. Wanaorekebisha hali hiyo ni figo, ambazo humwaga kwenye mkojo bikaboneti, chumvi ya jamii ya magadi, mpaka damu irudie uwiano unaoruhusu mtu apumue vizuri hata akiwa usingizini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa katika kila ngazi ya mwinuko, na haiharakishwi na ushujaa wala mazoezi ya mbio.

Ukisharudi chini, mazoea hayo huanza kupotea ndani ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa hayapo. Kwa hiyo mwili wako wa Septemba utatua Juphal ukiwa mgeni kabisa. Kilichobaki kutokana na safari zako mbili ni habari, na habari hiyo ina thamani: unajua jinsi unavyojisikia ukipanda kwa mwendo ule wa Marangu. Lakini tazama mwendo wenyewe. Ulilala Mandara kwenye mita 2,700, Horombo kwenye mita 3,700, ukajinyoosha saa chache Kibo kwenye mita 4,700, ukafika mita 5,895 alfajiri, na jioni ya siku hiyo hiyo ulikuwa umeshuka tena Horombo. Ulikwenda kama mpiga mbizi anayeziba pumzi, anachukua alichokifuata, anaibuka. Dolpo hutaibuka. Shey iko kwenye mita 4,300 na zaidi, mabonde ya jirani yako karibu na mita 4,000, na mipito inayoyaunganisha inazidi mita 5,000. Utalala huko usiku baada ya usiku, na wala Mandara wala Horombo hazikukupima kwa jambo hilo.

Kuhusu kuzaliwa Machame, nisamehe nikikukatisha tamaa. Vijiji vya Machame viko chini ya mita 2,000, na mwinuko huo hauujengi mwili kwa ajili ya mita 4,500. Watu wa Dolpo, ambao kwa asili na lugha ni jamaa za Watibeti, wana kitu kingine kabisa. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba Watibeti wengi wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 ambayo huwawezesha kuishi juu bila damu yao kuwa nzito kupita kiasi. Ni urithi wa vizazi vingi, haununuliwi kwa safari mbili. Tena usidhani kila Mnepali utakayembebesha mzigo ana urithi huo. Wapagazi wengi hutoka vijiji vya chini, wanaugua mwinuko kama wewe, na aghalabu wananyamaza wasipoteze kibarua. Wewe unayewajua wapagazi wa kwetu utalielewa hilo haraka kuliko wenzako. Ukifika huko, waulize kila jioni kama wamekula na kama kichwa kinawauma.

Sasa ratiba. Kanuni inayofuatwa na waganga wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja usiku mbili. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana unaweza kupanda zaidi na kushuka, kama waongozaji wa Kilimanjaro wanavyokupandisha kidogo halafu wanakurudisha kambini. Wewe utatoka Nepalgunj, mji wa tambarare ulio kwenye mita 150 tu, utue Juphal kwenye mita 2,475, kisha siku ya tatu ya kutembea ulale Ringmo kwenye mita 3,600. Hapo tayari umeruka, kwa kuwa kambi ya kabla yake iko chini ya mita 3,000. Kutoka Ringmo ratiba yako inakupeleka kambi ya chini ya Kang La, yenye zaidi ya mita 4,400, kwa usiku mbili tu, kisha juu ya mpito wenye mita 5,300 hivi. Siku sita kutoka uwanja wa ndege hadi mpito huo ni haraka mno, hata kwa mtu mwenye afya kamili.

Lakini si kasi peke yake inayonitia hofu. Tiba ya kweli ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Kilimanjaro, popote ulipo, chini iko nyuma yako: mtu akizidiwa Kibo saa nane usiku, anabebwa na kufikia alfajiri yuko Horombo. Shey iko katikati ya mipito. Ukitaka kutoka kwa njia kuu ya kusini lazima urudi juu ya Kang La, na ukitaka kutoka kwa njia ya Saldang unakutana na mpito mwingine unaokaribia au kuzidi mita 5,000. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa Shey, ili ashuke, lazima kwanza apande, na kumpandisha mita elfu moja mtu ambaye mapafu yake yanajaa maji kunaweza kumuua njiani. Helikopta zipo Nepal, ila zinangoja hali ya hewa, mawasiliano na dhamana ya malipo, na mara nyingi haziruki usiku. Kwa sababu hiyo naipima Dolpo kwa swali moja kabla ya mengine yote: nikiugua hapa, njia ya kushuka iko wapi?

Swali hilo ndilo linalonifanya nipendekeze mzunguko huo huo mwanzo wake uwe mwisho. Badala ya kuanzia Phoksundo, kutoka Juphal mfuate mto kwenda mashariki kupitia Dunai na Tarakot, kisha mpande bonde la Tarap taratibu kwa siku nne au tano mpaka Dho, kwenye mita 4,000 hivi. Bonde hilo linapanda kwa ngazi ndogo, na mtu akiugua popote humo anageuka na kufuata mto kuteremka bila kuvuka mpito wowote. Mlale Dho usiku tatu. Kuna nyumba za watawa za kuzuru kwa mwendo wa mchana, na kilima cha kupanda na kushuka. Baada ya hapo, mkiwa mmekwisha zoea, mvuke kwenda Saldang, kisha Shey, na Kang La iwe mpito wenu wa mwisho wa kuwatoa kuelekea ziwani. Mkishikilia kuanzia Phoksundo, basi nataka usiku mmoja wa ziada kabla ya Ringmo, usiku tatu Ringmo yenyewe, na usiku mbili katika kambi ya katikati kabla ya ile ya chini ya mpito. Ongezeni pia siku mbili au tatu ambazo hazijapangiwa kitu, kwa sababu ndege za Juphal huahirishwa mara kwa mara kutokana na mawingu, na nimeona makundi yaliyopoteza siku mbili Nepalgunj yakizifidia kwa kufuta siku za kupumzika juu. Hizo ndizo siku za mwisho kabisa kufutwa.

Kuhusu Diamox, ambayo jina lake la kitaalamu ni asetazolamidi, wenzako wamechanganya dawa mbili. Asetazolamidi haifichi ugonjwa. Inazihimiza figo kutoa ile chumvi niliyoieleza, kwa hiyo inafanya mapema kazi ambayo mwili ungeifanya polepole, na ndiyo maana hata usingizi huwa bora. Kinga ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama vimekaliwa, utakojoa zaidi, na soda itakuwa na ladha ya ajabu mdomoni. Dawa inayoficha dalili ni deksamethasoni: inapunguza uvimbe wa ubongo na mtu anajisikia mzima, lakini haimzoeshi, na akiiacha akiwa bado juu ugonjwa unaweza kumrudia kwa nguvu. Hiyo ni ya kubebwa kwa dharura ili mtu aweze kushuka, haifai kumezwa ili aendelee kupanda.

Tatizo lako ni vipele vya Fansidar. Fansidar ina salfa, na asetazolamidi nayo ni ya ukoo wa mbali wa salfa. Wengi waliowahi kuwashwa na dawa za salfa huivumilia asetazolamidi vizuri, lakini kuna tofauti kubwa kati ya vipele vya kuwasha vilivyoisha kwa siku tatu na mzio mkali. Jitahidi kukumbuka, au mwulize aliyekuuguza: je, ngozi iliota malengelenge au kubabuka? Midomo, macho au sehemu za siri ziliota vidonda? Ulivimba uso au kukosa pumzi? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usiiguse dawa hii, na ratiba yako iwe ya polepole zaidi kuliko ya mwingine yeyote. Kama jibu ni hapana, mwone daktari akupe kidonge cha kwanza nyumbani, chini ya uangalizi, wiki kadhaa kabla ya safari. Dozi ya kwanza isimezwe Ringmo.

Maji na kitunguu saumu sitavizungumzia sana. Supu ya kitunguu saumu utaikuta kote Nepal, ni tamu na inapasha mwili moto. Haijathibitishwa kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Maji kunywa mpaka mkojo uwe mweupe kiasi, ambayo kwa wengi ni lita tatu hadi nne pamoja na chai na supu. Anayejilazimisha zaidi ya hapo anaweza kuishusha chumvi ya damu yake, na dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zinafanana mno na zile za ugonjwa unaoukimbia.

Sasa nifikie kipimo nilichokitaja mwanzoni, na hapa naomba usome kwa makini kuliko kwingine kote. Ikiwa kaka yako ana selimundu kamili, basi kila mmoja wa wazazi wenu amebeba kinasaba hicho, na wewe usiye mgonjwa una uwezekano wa mbili kwa tatu kuwa mbebaji. Mbebaji huishi maisha ya kawaida na mara nyingi hajijui. Lakini juu milimani, oksijeni inapopungua na mtu akiwa amechoka na kukaukiwa maji, baadhi ya wabebaji hupata kuziba kwa damu katika bandama. Huanza na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, wakati mwingine yakipanda hadi bega la kushoto, na watu huyadhania kuwa ni gesi. Wabebaji wengi hupanda milima bila tatizo, na kupanda kwako Kilimanjaro bila maumivu hayo ni dalili njema, ingawa zile zilikuwa saa chache tu juu. Nenda kwenye hospitali yenye maabara kamili uombe kipimo cha aina ya hemoglobini, elektroforesisi, pamoja na wingi wa damu, kwa kuwa wanawake wengi wa umri wako wana upungufu wa madini ya chuma usiojulikana.

Kama utaonekana kuwa mbebaji, maoni yangu ya dhati ni kwamba uchague mabonde mengine ya Nepal, si kwa sababu Dolpo itakuumiza kwa hakika, bali kwa sababu ikikuumiza hutakuwa na pa kukimbilia. Khumbu, eneo la chini ya Everest, ina nyumba za watawa za Tengboche, kwenye mita 3,867, na Pangboche juu yake, na katika msimu wa vuli chama cha uokoaji cha Himalayan Rescue Association huwa na zahanati Pheriche, na nyingine Manang upande wa Annapurna. Huko njia ya kushuka ni kweli inashuka.

Kuna jambo ambalo hukuuliza na ambalo wenyeji wako wa Nepal huenda wasilifikirie. Utakuwa umetoka Tanzania, na malaria kali ya kwetu inaweza kujitokeza hata mwezi mmoja baada ya mtu kuondoka. Homa ya kutetemeka pamoja na kichwa kuuma kwenye mita 4,000 itaitwa mwinuko na kila mtu, hali ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kali. Beba vipimo vya haraka vya malaria viwili au vitatu na dozi kamili ya dawa mseto, mweleze kiongozi wako mapema vilipo, na ukipata homa jipime kabla ya kukubali jina jingine lolote.

Huko juu, jizoezeni kupimana kila jioni. Kichwa kuuma pamoja na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye dalili hizo hapandi kesho, na zikizidi anashuka. Kwa ubongo, chora mstari vumbini kwa kisigino cha kiatu na umwambie mwenzako atembee juu yake hatua kumi, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Asiyeweza, na hajanywa pombe, ubongo wake umevimba, na anashushwa saa hiyo hiyo. Kwa mapafu, msikilizeni anayekohoa akiwa amekaa. Usiku mmoja katika kambi ya Kilimanjaro niliitwa kwa kijana mwanariadha ambaye wenzake walidhani ana mafua. Alikuwa amekaa kitako kwa sababu akilala anakosa hewa, kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau, na nilipoweka sikio mgongoni mwake nilisikia mlio kama wa karatasi ya pipi ikifinyangwa. Tulimshusha mita elfu moja gizani, na asubuhi alikuwa anaomba uji. Angekuwa Shey, tungehitaji oksijeni na ule mfuko wa kupuliziwa hewa kwa pampu ya mguu, ambao mgonjwa hufungiwa ndani yake akawa kana kwamba ameshushwa mita 1,500 au zaidi, angalau kwa saa chache. Mwulizeni wakala, kwa maandishi, kama vyote viwili vitabebwa, kama kuna simu ya setilaiti, na nani katika kundi anajua kuutumia mfuko huo kwa mikono yake. Msipopata jibu lililo wazi, tafuteni wakala mwingine.

Katika nyumba za watawa mtakaribishwa kwa chai ya siagi na chumvi. Inyweni bila wasiwasi; inatia nguvu. Pombe ya shayiri, ambayo nayo mtapewa kwa ukarimu, ikataeni kwa upole siku za kwanza za kila mwinuko mpya, kwani pombe hupunguza pumzi usingizini, na vidonge vingi vya usingizi hufanya vivyo hivyo. Mtakapolala Shey, lile pango la watawa la Tsakang lililo ubavuni mwa jabali lisubiri siku ya pili. Siku ya kwanza lala, kula, tembea polepole kuzunguka nyumba ya watawa, ambayo huzungukwa kwa kuiweka mkono wa kuume. Kule Ringmo, ambako watawa ni wa Bon, dini ya kale ya Watibeti, mtazunguka kinyume chake.

Nenda kapime damu wiki hii, na umwombe wakala ratiba mpya inayoonyesha mita za kila mahali pa kulala. Ukishapata vyote viwili, vipeleke kwa daktari anayeijua milima, na Moshi hamkosi, akuone uso kwa uso, akupime presha na moyo, na kuamua nawe kuhusu asetazolamidi. Fanya hivyo kabla ya malipo ya mwisho, ili kama jibu ni Khumbu badala ya Dolpo, uweze bado kubadilisha bila hasara kubwa.